Kabla Sofia Hajapita

Jumapili, 1 Mei

Leo naanza shajara. Sababu: nahitaji ushahidi. Mambo yakiharibika, watu wa kijiji hiki watasema Poldl Stadlhuber hakufanya kitu, alikaa benchini juani akinywa mosti, ile pombe ya tufaha. Si kweli. Mosti nilikunywa, ndiyo, lakini nilikuwa napanga.

Hali ya bustani: mbaya. Tena si bustani yangu. Ni ya Notburga, marehemu mke wangu, aliyenitoka Novemba akaniachia masanduku tisa ya maua madirishani, vitanda vinne na altare moja. Altare ndiyo balaa. Kila mwaka siku ya maandamano ya Ekaristi msafara unatoka kanisani, bendi mbele, zimamoto nyuma, padre katikati chini ya mwavuli wa dhahabu. Unasimama kwenye altare nne, mbele ya nyumba nne. Ya nne ni yetu, tangu enzi za bibi yake Notburga. Mwaka huu ni tarehe 26.

Leo baada ya misa Bi Hermine Loidl, mwenyekiti wa kinamama, alinivuta kando akazungumza kwa sauti ya mtu anayeuza jeneza. Kamati itapita siku ya Pentekoste, tarehe 15, kukagua bustani yangu. Wakiona haifai, altare itahamia kwa jirani. Nisijisikie vibaya. Mwanamume peke yake, inaeleweka.

Jirani ni Walburga Ehgartner. Kati yetu kuna ua wa mbao na miaka arobaini na moja ya kuchokozana.

Altare ikihama hairudi. Ya akina Pointner ilihama mwaka mmoja tu, mwaka wa mafuriko, na mpaka leo wanakwenda kuitazama kwa watu. Notburga nilimwambia akiwa hospitalini kwamba altare haitoki mlangoni kwetu. Alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Akasema, wewe Poldl hata figili zinakufia mkononi. Ni karibu maneno yake ya mwisho kwangu. Kwa hiyo lazima nimwonyeshe alikosea.

Jumanne, 3 Mei

Ukaguzi wa kwanza. Tulipu: kumi na saba, kumi na mbili zimesimama, tano zimelala kama walevi. Usinisahau, vile viua vya bluu: kila mahali, hata kwenye kiatu changu cha zamani. Mawaridi ya Pentekoste, yale makubwa ya altare: vichaka vitatu, majani mazuri, vitumba vigumu kama dengu. Magugu: yanaendelea vizuri kuliko wote.

Nimepata daftari la Notburga ndani ya kopo la biskuti. Nilitumaini siri. Nimekuta matusi. "Dalia: ardhini baada ya Sofia. Poldl asiguse." "Jeranimu: nje baada ya Sofia. Poldl asiguse." "Mawaridi ya Pentekoste: kuyaacha kabisa. Poldl asiguse." Nimehesabu. Poldl asiguse, mara kumi na tisa. Ukurasa wa mbolea ya kuku umeandikwa kwa wino mwekundu.

Nikashuka stoo ya chini kutafuta viazi vya dalia, yaani mizizi yake ya kupanda, ambavyo alikuwa akivifukia kwenye mchanga majira ya baridi. Sanduku lipo. Mchanga upo. Viazi hakuna. Nikakaa kwenye ngazi kuwaza ni nani mwizi. Ndipo nikakumbuka Februari, theluji imeziba njia, nimechemsha viazi fulani vya ajabu vikatoka na ladha ya sabuni. Nilivimaliza. Chumvi ilisaidia.

Sasa kuhusu huyo Sofia. Ni wa mwisho wa watakatifu wa barafu. Tarehe 11 Mamerto, halafu Pankrasi, Servasi, Bonifasi, na tarehe 15 yule mama. Eti kila mmoja huja na jalidi yake, ile barafu ya usiku inayoua maua, na kwenye bonde hili hakuna mwenye akili anayetoa ua nje kabla Sofia hajapita. Padre akihubiri jehanamu wanasinzia. Ukitaja Sofia wanafunga madirisha.

Lakini tumia kichwa. Sofia tarehe 15. Kamati tarehe 15. Siku hiyo kijiji kizima kitakuwa na masanduku matupu, Walburga akiwemo. Isipokuwa nyumba moja.

Nimeshangaa hakuna aliyewahi kuliona hili.

Alhamisi, 5 Mei. Kupaa kwa Bwana

Bwana amepaa, konokono wamebaki. Wale uchi, wa rangi ya kahawia, wasio na nyumba wala aibu. Usiku wamekula tulipu tatu mpaka shingoni. Nimewaokota baada ya mvua, arobaini na watatu, nikawatia ndooni. Kuwaua siku ya Kupaa si vizuri. Nikawarusha upande wa Walburga, mmoja mmoja, kwa heshima.

Saa kumi alasiri kengele ya mlango. Walburga, na gudulia la kachumbari limejaa konokono. Akasema ameniletea wageni wangu waliopotea njia. Nikamuuliza kwa mshangao mkubwa anajuaje ni wangu. Akasema wake huwa wanakula majivu na wanakufa, hawa walikuwa wamenenepa.

Akatazama vitanda vyangu juu ya bega langu. Akasema Notburga angekuwa ameshapalilia mara mbili. Nikasema Notburga hakuwa na mgongo wangu. Akasema kweli, wake ulikuwa unainama.

Miaka arobaini na moja.

Jumatatu, 9 Mei

Siku kubwa. Jua kama la Julai. Nimekwenda mjini kwenye banda la vioo la muuza maua nikachukua jeranimu nyekundu za madirisha yote tisa, na dalia ishirini za kwenye vyungu, zimeshachanua, manjano na zambarau. Yule muuzaji, kijana mwenye hereni, aliniuliza nina chumba cha kuzihifadhi mpaka wiki ijayo. Nikamwambia ninacho. Akauliza kina joto. Nikasema kina anga.

Mpaka saa nane mchana vyote vimeingia ardhini. Mgongo umekufa. Lakini nyumba! Watu wamepunguza mwendo wa baiskeli. Mwanamke wa posta amesimama kabisa, akasema haijawahi kupendeza hivi mapema hivi. Nikamwomba alirudie hilo kwa sauti upande wa ua wa mbao.

Walburga alikuwa anafunga njegere-maua zake kwenye fito. Masanduku yake yapo matupu, yamepigwa brashi, yamepangwa ukutani kama askari walionyang'anywa bunduki. Akatazama jeranimu zangu moja baada ya nyingine. Nilingoja wivu.

Akasema neno moja tu: "Umemuuliza Sofia?"

Nikamjibu kwamba mimi na Sofia tunaelewana, siku zote nimekuwa na bahati na wanawake wakali. Akasema, ndiyo, Notburga alinihadithia.

Alihadithia nini? Nimewaza jioni nzima.

Jumatano, 11 Mei. Mamerto

Mamerto amekuja, amepita, hata kofia sikuvaa. Kipimajoto alfajiri: nyuzi tisa. Huyo ni mtakatifu au ni karani wa likizo?

Padre Jomon kapita kwa baiskeli. Ni mtu wa Kerala, huko Uhindi, yuko kwetu mwaka wa tatu na mpaka leo anavaa sweta mbili chini ya kanzu. Kasifu maua yangu. Nikaona ni nafasi, nikamuuliza kama Kanisa linamlazimisha mtu kuwaamini watakatifu wa barafu. Akafikiri, halafu akasema kwao watakatifu huleta mvua, huponya ng'ombe, hutafuta funguo, lakini hajasikia mtakatifu anayeua ua. Nikafurahi. Kwa hiyo naweza kuandika kwamba nina ruhusa ya Kanisa.

Alipanda baiskeli, akageuka akasema lakini mimi, mzee, sweta sivui.

Ijumaa, 13 Mei. Servasi

Jana ya Pankrasi sikuandika kwa uchovu. Nilikuwa nimeingiwa na woga kidogo jioni ya Jumatano, nikafunika kila kitu. Mashuka yaliisha kwenye dalia ya nne. Nikaendelea na vitambaa vya meza, magauni ya kulalia ya Notburga, na kule mwisho suruali zangu ndefu za ndani za sufu, jozi sita, zimefungwa miguu juu ya jeranimu za madirishani. Asubuhi nyuzi nane. Hakuna jalidi hata ya kumpozea mtu chai. Ila basi la shule lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, dereva anaelekeza kwa kidole.

Walburga aliuliza kama kuna mtu anahama.

Leo Servasi: nyuzi kumi asubuhi, ishirini mchana. Watakatifu watatu wamepita mikono mitupu. Nimefunua vyote, nimefua vyote, nimeanika, na nimetamka wazi kwenye ua wa mbao, ili majirani wa mbali wasikie pia, kwamba hili jambo la watakatifu wa barafu lilitungwa na wauza mashuka. Nimesema ningekuwa Walburga ningeona haya, masanduku matupu mwezi wa tano, kamati inakuja keshokutwa.

Hakukasirika. Hilo ndilo linaloniudhi kwake. Alikuwa anakamua limau kwenye chai, akasema wamebaki wawili.

Nikasema hao wawili hawana nguvu, wale wa mwanzo walikuwa ndio wanaume.

Akasema, Poldl, wa mwisho ni mwanamke.

Jumamosi, 14 Mei. Bonifasi

Asubuhi shwari. Mchana upepo umegeuka, unatoka milimani, una meno. Alasiri mawingu yakaondoka yote kwa mpigo kama wanaume wakisikia habari ya kuosha vyombo. Anga safi, bluu, gumu. Najua maana yake: usiku wa jalidi. Kila mtoto hapa anajua maana yake.

Tatizo: Walburga yuko dirishani kwake na soksi anayoifuma, uso umeelekea kwangu. Baada ya hotuba yangu ya jana siwezi kuonekana nabeba shuka. Mtu ana heshima yake.

Mpango: nimepanga mashuka, magauni na suruali nyuma ya mlango. Akivuta pazia tu, natoka. Dakika kumi kazi imekwisha. Nitamsubiri kwenye kiti, na kijiglasi kimoja cha gongo ya peasi kwa ajili ya mgongo.

Bado anafuma. Soksi gani hiyo ya majira haya? Kijiglasi cha pili.

Jumapili, 15 Mei. Pentekoste, na Sofia

Nimeamka kitini saa kumi na moja na nusu alfajiri. Pazia la Walburga limefungwa. Shuka ziko nyuma ya mlango, kavu, zimekunjwa.

Nilifungua mlango. Majani meupe. Ukikanyaga yanalia. Dalia ishirini zimesimama bado, nzuri, zinameta kama sukari, nikasema moyoni Sofia amenihurumia. Jua likazigusa. Zikalala. Zote, kwa utaratibu, kuanzia kushoto. Kufika saa moja na nusu zilikuwa nyeusi kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Jeranimu vilevile, zimening'inia madirishani kama popo.

Nilikaa kwenye ngazi. Nikaona aibu si ya kamati, ni ya Notburga. Ningemwambia nini? Figili, sasa na hizi.

Halafu nikasema Poldl, altare inahitaji kitambaa chake hata ikihama, angalau itoke kwa heshima. Nikapanda darini kukitafuta. Nyuma ya kreti la mapambo ya Krismasi nikakuta sanduku la viatu, limefungwa kwa uzi wa kijani. Juu yake mwandiko wa Notburga: "Kwa miaka ya jalidi. Poldl asijue."

Ndani: mawaridi ya Pentekoste. Ya karatasi ile ya mikunjo, mekundu, ya waridi, makubwa kama kichwa cha mtoto, kila moja na waya wake. Thelathini na moja. Nilikaa nayo mapajani. Mwaka ule wa theluji ya Mei, nilisimama na kofia mkononi mbele ya maua haya, nikawaambia watu wa bendi, mnaona mke wangu, hata baridi inamwogopa. Aliinama akapanga mshumaa. Nilidhani ni unyenyekevu.

Miaka thelathini na saba ya ndoa, na alikuwa tapeli mkubwa kuliko mimi. Sijawahi kumpenda vile.

Kabla ya misa ya saa nne nilikuwa nimeyafunga yote kwenye vile vichaka vitatu. Majani ya kweli, maua ya karatasi. Dalia niling'oa nikazificha chini ya toroli. Kwa mbali ni paradiso. Kwa karibu, ni vizuri usije karibu.

Kanisani nilimwomba Roho Mtakatifu ashuke kwa namna yoyote isipokuwa maji.

Saa sita kasorobo kamati: Bi Hermine na daftari, Padre Jomon na sweta. Wakaanzia getini. Bi Hermine akasema oo, mawaridi yameshafunguka, yangu bado kabisa. Nikasema ni ukuta, unatunza joto. Akasema ngoja niyaone. Na hapo tone la kwanza likanipiga puani.

Nikaanza kueleza kwa kirefu historia ya ukuta. Tone la pili. Nikaona ua la juu kabisa linatoa jasho jekundu.

Nikasikia geti. Walburga, na mwavuli ule mkubwa wa kijani wa marehemu mumewe, wa sokoni, unaofunika ng'ombe. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja akasimama juu ya vichaka, akaufungua, akamwambia Bi Hermine, shoga, hebu nieleze ile nyonga, daktari alisema nini. Bi Hermine ukimuuliza nyonga anafunga daftari. Akageuza mgongo, akaanza tangu siku aliyoanguka.

Walburga akainamia ua moja, kama anayenusa, akalishika kwa chini. Akaninong'oneza kwamba fundo hilo, la kulia, ni lake mwenyewe. Notburga alikuwa anafunga kushoto. Walikuwa wanayatengeneza pamoja jikoni kwake kila kwaresma, mimi nikidhani wanasali rozari.

Nikamwambia kumbe ulijua. Akasema sisi wawili tulijua, Poldl, wa kufichwa ulikuwa wewe, una mdomo.

Nadhani ningeokoka, ila Padre Jomon naye aliinama kunusa. Mtu mwaminifu, alinusa kwa nguvu. Aliponyanyuka ncha ya pua ilikuwa nyekundu kama ya mlevi wa stesheni. Akajigusa. Akatazama kidole. Akanitazama mimi, akamtazama Walburga na mwavuli wake.

Akasema taratibu kwamba mama yake, kule kwao, msimu wa mvua kubwa, altare yote ilikuwa ya karatasi, na kwamba akiwa mtoto aliwahi kulamba ua moja akaadhibiwa. Akafuta pua kwa leso. Akamgeukia Bi Hermine akasema yeye ameridhika, altare ibaki hapa.

Bi Hermine hakuwa kipofu. Alitazama madirisha yenye popo, alitazama toroli na miguu ya dalia inayochungulia chini yake, akaandika kwa muda mrefu. Akasoma: altare inabaki kwa Stadlhuber, kwa sharti kwamba maua yote yawe chini ya mamlaka ya Walburga Ehgartner, na Poldl asiguse.

Neno kwa neno. Sijui alilipata wapi.

Jumatano, 18 Mei

Nimekuwa kibarua kwenye nyumba yangu. Saa moja asubuhi Walburga yupo getini na glavu. Nibebe maji. Si hayo, ya pipani, ya bomba ni baridi. Nichimbe hapa. Si hivyo, unachimba kaburi? Masanduku yake tisa yenye jeranimu, alizozilea ndani, dirishani, tangu Februari kwa subira ya mtawa, ameyabeba kuja kwangu. Yote. Kwake ameacha patupu.

Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa na altare mkononi, angenyamaza tu, mvua ingemfanyia kazi. Akasema kwake altare ingekuwa inatazama zizi la nguruwe la Pointner. Akapiga udongo kwa kiganja. Baadaye akasema, kwa sauti nyingine, kwamba Notburga alimwachia kazi moja tu, naye hapendi kazi ngumu, lakini aliahidi.

Nikamuuliza kazi gani, bustani?

Akasema, "Bustani inajitunza, Poldl. Shika hiyo ndoo."

Alhamisi, 26 Mei. Ekaristi

Mawaridi ya Pentekoste yamefunguka jana, ya kweli, vichaka vyote vitatu, kwa wakati wake, bila kuniuliza. Asubuhi Walburga alikata ya kutosha tukamwaga petali kutoka barabarani mpaka altare. Bendi ilikosea pale pale inapokosea kila mwaka. Zimamoto walifyatua baruti, mbwa wa Pointner akaingia kanisani. Msafara ukasimama mbele ya nyumba yangu, watu wakapiga magoti juu ya changarawe. Padre Jomon aliinua Ekaristi, sweta moja tu leo. Katikati ya maua ya kweli Walburga alikuwa amechomeka moja la karatasi, lenye fundo la kushoto. Nililitazama hilo. Macho yaliniwasha, ni uvumba.

Baada ya chakula, madonge ya ini na mosti, nilimshukuru kama mtu mzima. Nikamwahidi mbele ya Padre kwamba nimejifunza: kabla Sofia hajapita, hakuna ua nje. Walburga alinitazama sana. Akasema nirudie. Nikarudia.

Sasa nimekaa benchini na daftari la Notburga, na nimetulia, na nimeliona kosa langu waziwazi. Nilipanda tarehe 9. Tarehe 9 watakatifu wameshaamka, wamevaa viatu, wanatafuta nani amepanda. Ni mapema mno kwa Sofia, lakini ni kuchelewa mno kwa mwenye akili. Ukipanda katikati ya Aprili, wale bado wamelala. Mpaka wafike, dalia zimeshazoea baridi, zina ngozi. Na suruali za sufu niziwekee vijiti, zisimame kama hema. Yule kijana mwenye hereni anasema anaweza kuniwekea vyungu thelathini.

Nimefungua ukurasa wa dalia, palipoandikwa Poldl asiguse. Pana nafasi ya mstari mmoja chini. Nimeandika kwa penseli: "Aprili 15. Walburga asijue."

Nimeinua kichwa. Yuko dirishani kwake. Anafuma soksi.